Onyo la Dakika Mbili

Nitawaambia yote, ila nawaomba mcheke nikishaondoka. Nchi yetu sitaitaja jina. Waliowahi kuitaja wakiwa na nia njema kama yangu walikuja kuulizwa nia hiyo waliitoa wapi. Niseme tu kwamba ina milima kiasi, ina ziwa moja, na ina Wizara ya Maonyo na Tahadhari, ambako mimi, Stambuli Mdeme, ni Mkurugenzi Msaidizi kwa mwaka wa kumi na moja sasa.

Kazi yetu ni kuwaonya wananchi. Onyo letu lina sura yake, na hata mtoto wa darasa la pili akiliona ukutani analijua: herufi kubwa tupu, wino mwekundu, muhuri wenye ngao, kosa ambalo umeshalifanya hata kama hulijui, na siku ya mwisho. Jina la aliyeandika halipo. Mwananchi akiliona hapotezi muda kulisoma, anakimbia kwanza kutii, kusoma atasomea kwenye foleni. Mwaka juzi tulibandika moja lililosema WENYE MBUZI WOTE WAJISALIMISHE KABLA YA IJUMAA. Wenye mbuzi wakaja wote. Wasio na mbuzi nao wakaja, wakaomba waandikwe tu. Mpaka leo hakuna anayekumbuka tuliwaitia nini, lakini orodha ipo.

Basi mwenye kazi kama hiyo, mtu aliyeandika maonyo zaidi ya elfu mbili kwa mkono wake, mngetegemea alijue onyo la uongo akiliona. Mngetegemea.

*

Siku yenyewe tulikuwa ukumbini. Mheshimiwa Waziri, Ngwira Patandi, alikuwa anahutubia juu ya umuhimu wa kufupisha hotuba, na hotuba yenyewe ilikuwa imeingia saa yake ya tatu. Mimi nilikaa safu ya pili, uso umeinuka, kichwa kinaitikia, simu ipo chini ya meza.

Nilikuwa naangalia nini? Hapa ningeomba niruke, lakini nikiruka hapa hadithi yote inakuwa uongo, na uongo nimeshausema wa kutosha. Nina upara. Ulianza mbele kidogo, nikasema ni jua, ukaenda ukafika nyuma. Nilikuwa nasoma ukurasa unaofundisha kuotesha nywele kwa maji ya vitunguu swaumu ndani ya siku tisa. Kulikuwa na picha ya mwanamume kabla ya dawa na baada ya dawa. Yule wa baada alikuwa mtu mwingine kabisa, hata masikio hayakufanana, lakini mwenye shida haangalii masikio.

Mara skrini ikageuka nyekundu. Ikatokea ngao, ikatokea saa inayohesabu kurudi nyuma, na simu ikaanza kulia king'ora ukumbi mzima ukasikia. ONYO! SIMU YAKO IMEPATIKANA NA VIRUSI KUMI NA TATU. ITAHARIBIKA BAADA YA DAKIKA MBILI. BONYEZA SAFISHA SASA. Na chini yake limetaja aina ya simu yangu, sawasawa kabisa, kama mtu aliyekaa nyumbani kwangu.

Niwaambie ukweli, kabla ya kuogopa nilivutiwa. Nilisema moyoni, huyu aliyeandika hili ni fundi. Herufi kubwa, wekundu, ngao, kosa lililokwisha kufanyika. Na dakika mbili! Sisi Wizarani tulikuwa hatujawahi kuthubutu kushuka chini ya saa ishirini na nne.

"Hicho ni nini?" Waziri akauliza.

Ukumbi wote ukanigeukia. Nikasimama. "Ni onyo, Mheshimiwa."

"Limetoka wapi?"

Jibu la kweli lilikuwa: kwenye vitunguu swaumu, Mheshimiwa. Nilifungua mdomo nilitoe. Nikamwona Bwana Katibu wa Wizara amekaa mbele yangu na nywele zake zote, nyeusi tii, na miaka sitini hiyo. Nikasema, "Limekuja lenyewe, Mheshimiwa. Nadhani ni kutoka juu."

Kwetu hakuna anayeuliza juu ni wapi. Waziri alishuka jukwaani, akavaa miwani, akalisoma onyo mara mbili. "Lina ngao," akasema.

"Lina ngao, Mheshimiwa," Katibu akaitikia.

"Sasa unangoja nini? Tii!"

Nikabonyeza. Simu ikauliza kama naruhusu kuletewa taarifa, nikaruhusu. Ikauliza kama naruhusu programu ya usafi iingie, nikaruhusu. Ningeulizwa hata kama naruhusu kufukuzwa kazi, ningeruhusu, maana sekunde zilibaki kumi na moja. Ikatokea alama ya kijani: HONGERA, UMESALIMIKA. Ukumbi ukapiga makofi. Jamani, nilipigiwa makofi na nikainama kushukuru.

*

Jambo lingeishia hapo, ila Mheshimiwa hakula chakula cha mchana siku hiyo. Saa nane akaniita ofisini. Alikuwa amekunja uso.

"Mdeme," akasema, "wewe una cheo gani?"

"Mkurugenzi Msaidizi, Mheshimiwa."

"Na mimi?"

"Waziri, Mheshimiwa."

"Sasa nieleze. Imekuwaje juu wakuonye wewe, na mimi wasinionye?"

 Aliichukua simu yake, akaiweka mezani kati yetu, akaiangalia. Iko kimya. Kwa kweli nilimhurumia. Ni jambo la kuumiza, Waziri wa Maonyo mzima kusahauliwa kwenye onyo.

Nikamtumia ile anwani iliyonipeleka kwenye programu ya usafi. Akabonyeza, akaruhusu, akaruhusu tena, na king'ora kikalia. Virusi kumi na saba! Alicheka kwa furaha akanipiga begani. "Umeona? Wewe kumi na tatu, mimi kumi na saba."

Kufikia saa kumi habari zilikuwa zimeenea kila ghorofa. Onyo likashuka kwa utaratibu wa vyeo: Katibu, wakurugenzi, wasaidizi wao, madereva. Kuna mkurugenzi mmoja alipata virusi kumi na tisa, zaidi ya Waziri, akabonyeza na kubonyeza tena mpaka vikashuka kumi na tano, akapumua. Aliyekuwa hajaonywa alionekana hana maisha mbele. Mhudumu wa chai aliazima simu ya shemeji yake ili naye awemo.

Kesho yake simu zote za Wizara zilikuwa zinalia. Zilionya katikati ya vikao na katikati ya sala. Zilileta picha za viatu, za dawa za nguvu, za wanawake waliotaka kufahamiana na Bwana Katibu. Waziri akaitisha kikao cha dharura akasema mashambulizi yanaenea, na dawa ni moja tu, kubonyeza zaidi. Tukabonyeza zaidi.

Halafu akatangaza kwamba si haki watumishi wasalimike peke yao huku wananchi wanaangamia. Onyo lipelekwe nchi nzima, kila simu, lenye muhuri wetu juu ya muhuri wao. Nikapewa mimi kazi ya kuliandaa. Nililiandaa vizuri sana. Niliacha maneno yao kama yalivyo, maana sikuona pa kurekebisha.

*

Sasa kwetu onyo lolote, hata likitoka mbinguni, haliwi onyo mpaka ligongwe muhuri wa IMEPOKELEWA masijala. Na masijala alikuwepo Dada Leokadia Chonya, karani wa mafaili, mwaka wake wa thelathini na moja, miezi miwili tu kabla ya kustaafu. Wakati naanza kazi, sijui hata kufunga kamba ya faili, ni yeye aliyenifundisha. Alikuwa ananiita mdogo wangu. Nilipopanda cheo akaanza kuniita bosi, na mimi sikumkataza.

Nikampelekea karatasi, na simu yangu kama kielelezo. Alisoma, akanyanyua macho.

"Bosi, hili ni tangazo la uongo."

"Lina ngao, Dada."

"Ngao hata mimi naichora. Leta simu."

Nikampa. Wala hakutetemeka. "Kwanza jiulize," akasema, huku anaigeuzageuza. "Huu ukurasa umejuaje simu yako inaumwa? Ukurasa hauwezi kuikagua simu. Aina ya simu unaiona, hiyo kila ukurasa unaiona, wamekutajia ili ushtuke. Halafu hao wenyewe ni nani? Jina hakuna. Anwani hii hapa juu, herufi na tarakimu tupu, hata kusomeka haisomeki. Na hiyo saa ya kukimbizana ni ili usipate nafasi ya kuuliza mtu. Mtu mkweli anakupa nafasi ya kuuliza."

"Kwa hiyo ningefanya nini?"

"Ungefunga ukurasa wote. Usiguse kitufe chao hata kimoja, hata kile cha kufungia walichokuchorea. Unafunga, unaendelea na shughuli zako. Sasa wewe umeruhusu, ndiyo maana inakupigia kelele."

Akaanza kurudi nyuma kwenye simu aone lilianzia wapi. Nikaona anafika. Ukurasa wa vitunguu swaumu ukafunguka na kile kichwa cha kabla ya dawa kikatokea kikubwa, kinang'aa. Nilihisi jasho linanitoka mpaka kwenye vidole vya miguu.

Dada Leokadia aliangalia. Hakucheka, hakunitazama kichwani. Aliilaza simu mezani, kioo chini, akaisogeza taratibu upande wangu.

"Siwezi kugonga muhuri kitu hiki," akasema. "Mama yangu kijijini ana simu. Akiona muhuri wangu atabonyeza."

*

Alishtakiwa kwa kosa la Kulielewa Onyo Kabla ya Kulitii. Kosa hilo halikuwepo, tukaliandika asubuhi hiyo. Adhabu yake ni kufukuzwa, bila kuagwa, na kuhama nyumba ya serikali ndani ya siku tatu. Hukumu niliiandaa mimi kabla ya kikao ili tusichelewe chakula.

Kikao kilikuwa na watu saba na simu saba, zote zinalia. Waziri alimkaribisha mshtakiwa ajieleze, na yeye, kwa utulivu uleule wa masijala, akaanza kutueleza namna ya kulijua onyo la uongo.

"Waheshimiwa, ni rahisi tu. Linakuja bila kuitwa. Linakutisha kabla halijakusalimia."

Katibu akajikohoza.

"Linakwambia una kosa, lakini halikuonyeshi kosa lenyewe liko wapi. Halisemi limeandikwa na nani. Linakupa muda mfupi makusudi, usiweze kufikiri. Na ukishatii halikuachi. Linajua wewe ni mtu wa kutii, basi linaleta jingine, na jingine."

 Nikaona mkurugenzi mmoja anageuza kichwa polepole kuangalia ukutani, ambako tuna mkusanyiko wa maonyo yetu bora ya miaka ishirini, tumeyawekea fremu.

"Bi Chonya," Waziri akasema kwa sauti ya chini, "unamzungumzia nani?"

"Simu, Mheshimiwa."

"Simu gani?"

"Hizo zinazolia."

"Huyu mwanamke anatutukana," Katibu akasema. "Ametutaja mmoja mmoja."

"Sijamtaja mtu, Bwana Katibu. Nimetaja dalili."

Waziri akainua mkono. Huwa anapenda ionekane ametenda haki. "Nitakupa nafasi ya mwisho. Onyo hili limetoka juu, Mdeme ni shahidi. Wewe unasema limetoka kwa matapeli. Simu uliishika mwenyewe. Ulipoikagua, lilianzia wapi? Tuambie hapa. Ukituonyesha, tunakufutia shauri na unarudi kazini sasa hivi."

 Ndiyo hiyo, basi. Neno moja tu. Vitunguu. Angelisema, wangeinyakua simu yangu, wangeona, na kila kitu kingeanguka: onyo, shauri, mimi. Yeye angekaa miezi yake miwili, angeagwa kwa keki na kitenge, angeondoka kwenye nyumba kwa heshima.

Dada Leokadia akaniangalia. Naapa hakuniangalia kwa vitisho. Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia zamani nikikosea namba ya faili, akiningoja nione mwenyewe.

Nikaangalia kalamu yangu.

Alingoja. Niseme alingoja sana, maana simu ya Katibu ilionya mara mbili.

"Sikuangalia, Mheshimiwa," akasema mwishowe. "Mambo ya ndani ya simu ya mtu siyo yangu kuyasema."

"Mmesikia wenyewe," Waziri akasema. "Hana ushahidi. Wanaounga mkono?"

Mikono ikanyanyuka. Wa kwanza ulikuwa wangu. Niliunyanyua haraka kiasi kwamba Waziri alinisifia.

*

Onyo lilitoka siku ileile, limegongwa muhuri na karani mpya aliyeletwa kwa kazi hiyo, na nchi nzima ikabonyeza. Sasa simu zinalia milimani, zinalia ziwani. Takwimu zetu zinasema hakuna nchi yoyote duniani iliyoonywa kama yetu, na Waziri anaandaa sherehe.

Siku ya tatu nilimkuta Dada Leokadia kwenye ngazi za nje, anatoka, amebeba kikapu. Nilitaka kupita upande wa pili. Simu yangu ikanisaliti, ikapiga king'ora pale pale.

"Bado inakusumbua tu?" akauliza. Akaweka kikapu chini, akanyoosha mkono. "Lete, mdogo wangu."

Nikampa. Mtu niliyemfukuza, anataka kunisaidia, na mimi nikampa. Akakaa kwenye ngazi, akavaa miwani. Alinionyesha kila hatua polepole, nisije nikasahau. Akaitafuta ile programu ya usafi, akaifuta. Akaingia kwenye kivinjari, sehemu ya mipangilio, kwenye orodha ya walioruhusiwa kuleta taarifa, akaikuta ile anwani isiyosomeka, akaizuia. Akafuta na historia yote, hata kile kichwa kinachong'aa kikaenda. Alichukua dakika moja, hazikufika mbili.

"Hakuna virusi humu," akasema. "Na wala havikuwepo."

Gari la Waziri likasimama mbele yetu. Kioo kikashuka.

"Mdeme! Huyo mama bado yupo? Anafanya nini na simu ya serikali?"

Ananitengenezea, Mheshimiwa. Maneno mawili tu, moja la kweli na moja la heshima. Nilikuwa nayo mdomoni.

"Nimemkuta ameishika, Mheshimiwa," nikasema.

Nikainyakua mkononi mwake. Alikuwa bado ananinyooshea anirudishie.

Waziri akaashiria getini, askari wawili wakaja wakakimwaga kikapu juu ya ngazi. Kikombe cha bati. Mto mdogo wa kukalia. Khanga. Chupa ya chai. Daftari alilokuwa anaandikia siku za kuzaliwa za wafanyakazi, ukurasa umefunguka. Walipapasa mpaka ndani ya mto. Watu walikuwa wamejaa madirishani, ghorofa zote nne. Hakuna aliyesema kitu, na mimi nilikuwa karibu yake kuliko wote.

Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana, ningejua pa kuanzia. Aliinama akaokota vitu vyake kimoja kimoja, akafuta kikombe kwa pindo la khanga, akasimama, akaenda zake. Wala hakutembea haraka.

Hiyo ni wiki ya sita sasa. Simu za wenzangu zinalia usiku na mchana, na wananishangaa mimi, maana yangu imetulia kabisa. Inafanya kazi vizuri mno. Kila asubuhi naitoa mfukoni nimpigie Dada Leokadia. Nalitafuta jina lake, naliona, naona aibu, nairudisha mfukoni.